Darasa Tumejenga, Sasa Tumsomeshe Mwalimu

(Maneno yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya mwaka ya harambee ya chama chetu, Dar es Salaam)

  

Tumepewa dakika ishirini, na sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama tukipewa ishirini hatutumii ishirini na moja. Watu hututania kwamba Mpare haachii senti mpaka aione inakokwenda. Leo tunaomba utani huo tuuchukue kama sifa, maana tunataka kuzungumza nanyi juu ya senti zetu zinakokwenda, na juu ya mahali ambapo hazijafika.

Kwa miaka kadhaa mmechangia bila kuchoka. Kwa fedha zenu na kwa msaragambo wa watu wa nyumbani, mawe yamebebwa kutoka korongoni, saruji imepandishwa mlimani kwa malori yanayokwama kila mvua ikinyesha, na madarasa yamesimama. Ukifungua vitabu vyetu, karibu kila shilingi ya elimu imekwenda kwenye kitu kinachoshikika: bati, mbao, madawati, matangi ya maji. Ilikuwa sawa. Mtoto hawezi kusoma akinyeshewa. Lakini mwaka huu Kamati inaleta ombi la aina nyingine, na kwa kuwa ni geni kwenye vitabu vyetu, inabidi tulieleze vizuri kabla ya kupitisha bahasha.

Tunaomba tusomeshe walimu wa Kiingereza.

Tuanze na tatizo lenyewe. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali. Mtoto anajifunza hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, historia kwa Kiswahili. Kiingereza anakipata kama somo, vipindi vichache kwa wiki. Akifaulu Darasa la Saba, anafunga likizo, anashonewa sare, na Januari anaingia Kidato cha Kwanza ambako kila kitu kimegeuka. Biolojia ni kwa Kiingereza, jiografia kwa Kiingereza, hata swali la hesabu ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyejua usanisinuru vizuri kabisa darasa la sita, akaweza kuchora jani, jua na mishale, sasa anakutana na "photosynthesis" na anadhani ni jambo jipya ambalo hajapata kulisikia. Yule aliyekuwa anajibu darasani ananyamaza. Kidato cha Pili anafanya mtihani wa taifa kwa lugha hiyo, na Kidato cha Nne vilevile.

Tukumbuke pia kwamba tunakiita Kiingereza lugha ya pili, lakini kwa mtoto wa kule kwetu ni ya tatu. Nyumbani na bibi yake anazungumza Chasu. Kiswahili amekikuta shuleni na sokoni. Kiingereza hakikuti popote isipokuwa kwenye midomo ya mwalimu wake. Mtoto wa Masaki anakisikia kwenye katuni, kwa jirani, kwa wazazi wakizungumza na simu. Wa kwetu ana mwalimu tu. Kama mwalimu hakusomeshwa kukifundisha, hakuna mlango mwingine.

Kuna wanaouliza, na ni swali halali, kwa nini tusidai masomo ya sekondari yafundishwe kwa Kiswahili. Mjadala huo ni wa zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Mheshimiwa Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985. Halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Zaidi ya miaka arobaini imepita na mjadala unaendelea. Ndani ya ukumbi huu kuna wa upande huu na wa upande ule, na chama chetu si bunge. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyeanza Kidato cha Kwanza mwaka huu atafanya mtihani wake kwa Kiingereza, tupende tusipende, na hawezi kusubiri tumalize kubishana.

Sasa, mwalimu wa Kiingereza anapatikanaje?

Wengi wetu tunadhani anapatikana kwa kujua Kiingereza. Ndiyo maana kila mwaka kwenye mkutano wa chama mtu anapendekeza kwamba vijana wetu wanaorudi likizo kutoka ng'ambo wapelekwe milimani wiki mbili wakafundishe. Ni wazo jema, na watoto watafurahi. Lakini kuzungumza lugha na kuifundisha ni kazi mbili. Sisi sote hapa tunazungumza Kiswahili. Atokee Mjapani sasa hivi atuulize kwa nini tunasema "mti mrefu" lakini "nyumba ndefu" na "kijiti kirefu", tuone ni wangapi watamweleza akaelewa.

Waingereza wenyewe wamelijua hilo zamani. Mwaka 1962 mwalimu mmoja aitwaye John Haycraft, wa International House huko London, alianzisha kozi fupi ya kuwafunza watu kufundisha Kiingereza kwa wageni. Kutoka kozi hiyo kikazaliwa cheti kinachoitwa CELTA, ambacho leo kinasimamiwa na Cambridge. Anayekisomea anakaa darasani saa zisizopungua 120, na anafundisha wanafunzi halisi saa sita huku mkufunzi ameketi nyuma akiandika kila anachokosea. Na wengi wa wanaokisomea wamezaliwa na lugha hiyo. Kama mtu aliyekinyonya Kiingereza kwa mama yake anaambiwa akajifunze kwanza namna ya kukifundisha, itakuwaje kwa mwalimu wetu aliyekipata darasani kama tulivyokipata sisi?

Hapa tuseme kwa heshima kubwa juu ya walimu wetu. Baadhi ya wazee waliotufundisha waliingia kazini wakati wa Elimu kwa Wote, miaka ya sabini, wakiwa wamemaliza Darasa la Saba na kupewa mafunzo hukohuko vijijini. Wadogo zao waliingia miaka ya 2000, shule za msingi zilipofurika baada ya ada kufutwa, wakakaa chuoni mwaka mmoja na mwaka wa pili wakaumalizia wakiwa shuleni. Waliitwa na taifa wakaitika. Bila wao tusingekuwa ukumbi huu. Lakini walisomeshwa kufundisha masomo yote kwa haraka, na Kiingereza kikawa kimoja kati ya mengi. Kumwongezea mwalimu kama huyo mafunzo ni kumlipa deni, na wala si kumdharau.

Basi mafunzo yenyewe yana nini ndani? Tuliwauliza wakufunzi na walimu, nao wakatueleza kwa uvumilivu, maana sisi ni watu wa leja.

Kwanza ni masikio na ulimi. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja popote ilipo. Kiingereza kina herufi tano hizohizo za irabu, lakini sauti zake za irabu katika matamshi ya Kiingereza sanifu ni takriban ishirini. Kwa mtoto wetu "ship" na "sheep", meli na kondoo, ni neno moja. Mwalimu aliyefunzwa anajua kwamba mtoto huyo si mzito. Sikio lake halijafundishwa kuachanisha sauti hizo mbili. Anajua zoezi la kuliamsha sikio kabla ya kudai ulimi.

Pili ni kujua mtoto anatoka wapi. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana mtoto anasema "my mother, he is sick", na darasa zima linacheka. Kiswahili hakina vijineno vya "a" na "the". Mwalimu asiyejua hayo anaona makosa yametapakaa kama mahindi yaliyomwagika. Aliyefunzwa anaona kwamba makosa mengi yana chanzo kimoja, na anaandaa somo juu ya chanzo hicho.

Tatu ni mpangilio. Stadi ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Shule nyingi zinaanzia mwisho. Mtoto ananakili ubaoni sentensi asizoweza kuzitamka, na mwalimu akiuliza kama wameelewa, wote wanaitikia kwa wimbo, "Yes, teacher!" Mnaujua wimbo huo, tumeuimba wote. Mafunzo yanamfundisha mwalimu kutoridhika nao. Anajifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo ambamo kila kipindi kina jambo moja ambalo mtoto ataweza kulisema mwisho wake, na njia ya kuhakikisha kwamba ameweza kweli. Anajifunza pia kufaragua zana: boksi la biskuti likawa kadi za maneno, na kizibo, jiwe na jani vikafundisha "in", "on" na "under" bila kununua kitu.

Nne, na hapa ndipo sisi wahasibu tuliposimama wima, ni kugawa muda. Kipindi ni dakika arobaini. Chukua darasa lenye watoto themanini, na mnajua yapo. Hata kama mwalimu hatasema neno lolote, akampa kila mtoto zamu ya kuzungumza, kila mmoja anapata nusu dakika. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi, inabaki robo dakika. Kwa hesabu hiyo hakuna mtoto atakayejua kuzungumza mpaka kiama. Sasa mwalimu aliyefunzwa anawaweka wawili wawili, anawapa maswali mafupi waliyokwisha kuyazoea, anatenga dakika ishirini, na yeye anapita kati ya madawati akisikiliza. Kila mtoto amezungumza dakika kumi. Darasa ni lilelile, mwalimu ni yuleyule, mshahara ni uleule, lakini mtoto amepata mara ishirini ya ile nusu dakika.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Maji ya chemchemi milimani ni machache. Ukiyaacha yatiririke yenyewe usiku na mchana, shamba la mwisho halioni kitu. Kwa hiyo wakachimba ndiva, maji yakakusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, na kila mfereji ukapata. Hawakuongeza chemchemi. Waliongeza ufundi wa kugawa. Kumsomesha mwalimu ni kazi ya ndiva.

Tano ni namna ya kusahihisha. Mmewahi kuona shule ambako mtoto akikutwa anazungumza Kiswahili anavalishwa kibao shingoni ashinde nacho kutwa. Matokeo yake mtoto anajifunza kunyamaza. Mafunzo yanamfundisha mwalimu lini asahihishe palepale, lini aache mtoto amalize wazo lake kwanza, na namna ya kurudisha sentensi ikiwa sahihi bila kumwaibisha aliyeisema.

Na mwisho ni mazoezi ya kufundisha. Mwalimu tarajali anaanza kwa kuwafundisha wenzake chuoni dakika chache, wanamkosoa, anarudia. Kisha anapelekwa shule halisi kwa majuma kadhaa, na mkufunzi anakuja kumtazama bila kumwambia siku. Walimu wanatueleza kwamba hapo ndipo kazi inapokamatwa au inapoachwa. Pia ndipo fedha inapokatika, kwa sababu chumba cha kupanga, nauli na chakula cha majuma hayo mara nyingi havimo kwenye ada, na mtoto wa mkulima wa tangawizi anaweza kushindwa hapo baada ya kuvuka kila kitu kingine.

Sasa tuje kwenye ombi, kwa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni walimu ambao tayari wako katika shule zetu. Hawa ndio tunaoanza nao. Wapo wanaotaka kujiendeleza kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho tangu kuanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kimemwezesha mtu kusoma akiwa kazini. Tunaomba tuwasaidie ada. Wengine wanahitaji kozi fupi wakati wa likizo, na wakufunzi wako tayari kuja kama tutawalipia usafiri na malazi. Serikali nayo ina utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao unawataka walimu wa shule moja wakutane mara kwa mara na kufundishana. Tunataka kila tutakayemsomesha arudishe alichopata kwenye vikao hivyo, ili ujuzi usibaki kwa mtu mmoja.

Fungu la pili ni vijana wetu waliofaulu vizuri Kiingereza na wanaotaka ualimu kwa moyo, si kwa kukosa kwingine. Hao tunawasaidia kusoma stashahada katika vyuo vya karibu, kama Marangu kwa upande wa Kilimanjaro au Korogwe kwa upande wa Tanga. Msaada wetu unalenga zaidi pale panapovuja: majuma ya mazoezi ya kufundisha.

Fungu la tatu ni vifaa: kamusi, vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi, na spika ndogo ya kusikilizisha matamshi kwa kila shule. Mwalimu mwenye ujuzi asiye na kitabu ni kama fundi aliyepewa ukuta bila mwiko.

Tunajua swali lililo vinywani mwenu, kwa sababu hata ndani ya Kamati lilituchukua vikao viwili. Tukimsomesha mwalimu, akaondoka je? Shule binafsi za mjini zinatafuta walimu wa Kiingereza na zinalipa vizuri. Mwalimu wa serikali naye anaweza kuhamishwa wakati wowote. Bati halihami.

Hatutawadanganya kwamba tunaweza kumfunga mtu. Tumefanya mambo matatu. Moja, fungu kubwa linakwenda kwa walimu waliokwisha kujenga na kuzaa kule kwetu, wenye mashamba na wazazi pale, ambao sababu zao za kubaki zinatangulia mkataba wetu. Mbili, kijana anayesomeshwa anaweka sahihi, mbele ya mzazi na mjumbe wa chama, kwamba akipangiwa au akipata nafasi atatumikia shule zetu kwa miaka tutakayokubaliana, na akishindwa kwa hiari yake atarudisha fedha kidogo kidogo ili asomeshwe mwingine. Tatu, tunahesabu kwa watoto. Mwalimu akikaa miaka mitano tu, watoto wa darasa baada ya darasa wamepita mikononi mwake, na walichojifunza kusema hakiondoki na uhamisho wake. Bati halihami, ni kweli, lakini linashika kutu, na kwenye vitabu vyetu thamani yake tunaipunguza kila mwaka. Kwa mtoto aliyeweza kusoma swali akalielewa, thamani inakwenda upande mwingine.

Kuhusu fedha, mnatujua. Ada italipwa chuoni moja kwa moja kwa namba ya malipo, haitapita mkononi mwa mtu. Posho ya mazoezi itatolewa kwa awamu, na stakabadhi zitarudi. Kila mwalimu atakayesomeshwa ataleta ripoti ya muhula, na mwalimu mkuu au mkuu wa shule atathibitisha kwamba amemwona akifundisha. Bajeti kamili imechapwa kurasa za nyuma za kijitabu hiki, fungu kwa fungu, pamoja na ripoti ya ukaguzi ya mwaka uliopita. Isomeni. Mkiona tarakimu isiyoeleweka, simameni muulize. Ndiyo heshima kubwa mnayoweza kutupa.

Ndugu zetu, taifa hili lilipata kiongozi ambaye, kati ya vyeo vyote alivyokuwa navyo, aliitwa Mwalimu mpaka akafa, kwa sababu kweli alisomea ualimu Makerere na kweli alifundisha Tabora na Pugu. Alizijua lugha zote mbili kiasi cha kumhamisha Shakespeare kutoka Kiingereza na kumfanya azungumze Kiswahili. Hakuona kwamba kukipenda Kiswahili kunamkataza kukijua Kiingereza vizuri. Watoto wetu nao wanastahili kuwa na Chasu chao, Kiswahili chao, na lugha ya mtihani wao, bila mojawapo kuwafunga mdomo.

Fomu ziko mezani kwenu. Kuna nafasi ya kuchangia kwa mkupuo na nafasi ya kuchangia kila mwezi. Kwa kazi hii, mchango mdogo wa kila mwezi unatufaa kuliko mkubwa wa usiku mmoja, kwa sababu muhula haukusanyi ada usiku mmoja. Familia mbili au tatu zinaweza kuungana zikamchukua mwalimu mmoja. Wasioweza fedha, na wapo walimu wastaafu wa Kiingereza humu ndani, tunawaona, tunaomba muda wao wakati wa likizo: waje wakae nyuma ya darasa, wamtazame kijana anavyofundisha, na wamwambie ukweli.

Msaragambo wa mawe tumeumaliza vizuri. Mwaka huu tunawaalika kwenye huu mwingine.